Mgonjwa wa Kwanza

Mradi ulipofika Keshero, mtaa mmoja wa Goma, ulisema jambo moja tu, na kila mtu akalielewa kwa tumbo lake.

Mama Sidonie, yule yule aliyekuwa akigonga milango wakati wa kolera na tena wakati wa Ebola, alisimama uani mwa kanisa amevaa kizibao kipya, akaeleza kwamba ugomvi ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Unaambukiza. Mtu akitukanwa sokoni asubuhi, jioni ni mtoto wake anayepigwa nyumbani, na kesho ni mtoto huyo anayempasua mwenzake kichwa kwa jiwe, na Goma jiwe halitafutwi, unainama tu. Kwa hiyo mradi hautauliza nani ana haki, kwa sababu muuguzi haulizi kati yako na kolera nani alianza. Utamtafuta mgonjwa wa kwanza, utawatafuta waliomgusa, na utawatembelea kila siku mpaka homa ya hasira ishuke. Na ili mgonjwa asilazimike kutoka akakutana na adui yake njiani angali wa moto, nyumba yake itapewa chakula cha kukaa nacho: mchele, maharagwe, mafuta na sabuni.

Waliokaa nyuma hawakuisikia vizuri habari ya homa. Habari ya mchele waliisikia.

Ndugu wawili wa kwenye kona wakapigana kwa ajili ya jogoo, wakaletewa gunia. Haukupita muda, Charline muuza makaa na mama mkwe wake, watu walioheshimiana tangu siku ya harusi, wakavuana vitambaa vya kichwa barabarani, tena wakachagua saa ile ile anayopita Mama Sidonie. Nao wakaletewa. Mtaa uliokuwa ukigombana bure miaka yote ukaanza kuona kwamba ulikuwa unakula hasara.

Perpétue aliyaona magunia hayo yakipita mbele ya mlango wake, na roho ikamuuma kwa namna ambayo hangeweza kumwambia padri. Nyumbani kwake hapakuwa na ugomvi wowote. Palikuwa na amani na sahani nyepesi. Mumewe Valentin alikuwa karani wa koperative ya akiba, na tangu benki na koperative zifunge milango hakuwa karani wa kitu chochote. Hata hivyo kila asubuhi alipiga pasi shati lake jeupe, akalivaa, akaketi kizingitini kama mtu anayengojea gari la ofisi limpitie. Chakula kilitoka kwenye beseni la Perpétue. Kaka zake walivua sambaza ziwani, yeye akawafuata samaki hao wadogo alfajiri pale Kituku, akawakaanga na kuwatembeza mpaka miguu ikafa ganzi. Hao ndio waliomlipia binti yao Bénita shule, na waliobaki ndio walioliwa jioni, vichwa kwa mikia.

Upande wa pili wa ukuta wa mawe meusi alikaa Mapendo na mumewe Sikuli. Sikuli alikuwa mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, na kazi yake ilikuwa kubeba viazi na makaa ya watu. Nyumba hizi mbili hazikuwa na siri, wala hapakuwa na nyumba yenye chumvi ya peke yake.

Siku moja wake hao walikuwa ziwani wakifua, na Mapendo akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye nguo, kwamba majirani wazuri ni mzigo.

"Siye tunapendana sana, Mama Bénita," alisema. "Juu ya ile, tutakufa njaa."

Perpétue alicheka, kisha akaacha kucheka. Wakapanga. Waume ndio watakaogombana, maana wanawake wakigombana mtaa utasema ni mambo ya jikoni. Kupigana hakuna. Kushikana kola kidogo, kusukumana kwa adabu, basi. Shida ilikuwa matusi. Valentin alikuwa na Kifaransa kingi, lakini ni Kifaransa cha kuandikia barua. Sikuli naye alikuwa mtu ambaye mbuzi akimlia viazi, yeye ndiye anayeomba msamaha. Matusi mepesi yangemfanya Mama Sidonie apite zake.

Hapo ndipo Mapendo alipopata wazo ambalo wote wawili waliliona tamu. Mtu hutukanwa vizuri na anayemjua. Basi kila mke atoe tusi la mume wake mwenyewe, na mwenzake alipeleke nyumbani likafundishwe. Mapendo akatangulia: Valentin amwambie Sikuli kwamba ni mtoto wa kaka zake, kwamba hata gurudumu la chukudu hanunui mpaka aulize Lac Vert, wanakokaa kaka hao. Ikaja zamu ya Perpétue. Hakufikiri muda mrefu, na hilo ndilo lililokuja kumsumbua baadaye. Neno lilikuwa limeshaiva, kana kwamba lilikuwa likingoja tu mtu alibishie hodi.

"Aseme: karani ya sambaza," alisema. "Aseme kazi yako ni kuvaa shati nyeupe na kungojea bichwa bya samaki."

Mapendo alicheka mpaka sabuni ikamponyoka majini. Walikubaliana kwamba waume hawataambiwa maneno yametoka wapi. Waliinuka na nguo zao vichwani, wepesi kama wasichana waliotoroka katekisimu.

Valentin alikubali baada ya kuuliza kwanza utaratibu: saa ngapi, mbele ya mlango wa nani, na nani aanze. Sikuli alikubali kwa sababu hakujua kumkatalia mtu.

Sababu ya ugomvi ilikuwa maji machafu yaliyopita chini ya ukuta, ambayo yalikuwa yakipita pale tangu ukuta ujengwe bila kumkera mtu. Mama Sidonie alipotokeza tu kwenye kona, Valentin alisimama, akanyoosha shati, akapaza sauti. Alianza vizuri. Lile la gurudumu na kaka wa Lac Vert alilitoa kwa sauti ya kusoma tangazo, na wapita njia wakasimama kumsikiliza. Charline muuza makaa akatoka na kigoda chake akaketi.

Kisha ikawa zamu ya Sikuli. Alikuwa ameyajifunza maneno yake kwa moyo, na aliyatoa hivyo hivyo, macho juu, mikono mgongoni, kama mtoto mbele ya askofu.

"Weye ni karani ya sambaza. Kazi yako ni kuvaa shati nyeupe na kungojea bichwa bya samaki."

Mtaa ulicheka, na hakikuwa kicheko cha kusikia kitu kipya. Ni kicheko cha watu waliokuwa wakilitafuta jina la kitu na sasa wamepewa. Perpétue alikuwa amesimama mlangoni tayari kujishika kichwa kama walivyopanga. Alimwona mumewe akiinamisha macho, akalitazama shati lake mwenyewe, pasi ile ya asubuhi, vifungo vile. Hakutazama kitu kingine. Perpétue akatamani kulirudisha lile neno ziwani lilikotoka.

Valentin alipoinua macho alisema jambo ambalo hakuna mke aliyemfundisha.

"Miye mahari nilitoa miye mwenyewe. Yako walitoa kaka zako. Basi uende ubaulize: ule muke ni wa nani?"

Kicheko kilikatika. Sikuli, mtu asiyewahi kumsukuma hata ng'ombe, alimsukuma. Valentin alianguka juu ya mawe meusi na shati likapasuka kiwiko. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Mama Sidonie hakupiga kelele wala hakuuliza kitu. Alimpa Valentin maji, akamshika Sikuli mkono akampeleka kwake polepole kama mtu anayemwongoza mgonjwa. Kesho yake magunia yakaletwa katika nyumba zote mbili.

Mchele ulikuwa mzuri, mrefu, usio na mawe. Valentin hakuula. Alisema tumbo halitaki. Bénita alikula kwa ajili ya wawili.

Mama Sidonie alikuja kila siku kama alivyoahidi. Aliketi, akauliza habari za nyumba, kisha akamtaka Valentin aipime hasira yake kwa namba, moja hadi kumi. Perpétue alikuwa amepanga kumfundisha mumewe aseme namba kubwa ili chakula kisikatwe. Hakufundisha kitu. Valentin alisema "neuf", yaani tisa, bila kusita, akageukia ukuta. Siku zilizofuata alisema hivyo hivyo. Na pasi haikuwashwa tena. Aliamka akavaa sweta la zamani lililotoboka, akakaa ndani, na kizingiti kikabaki kitupu. Perpétue hakujua kwamba angekuja kukikosa kile kiburi kidogo cha kila asubuhi, harufu ile ya makaa na kitambaa cha moto. Sasa alikikosa, na ilimuuma.

Alijaribu kumtuliza. Alimkumbusha kwamba ulikuwa mchezo tu, kwamba Sikuli alifundishwa.

"Najua alifundishwa," alisema Valentin. "Sikuli hawezi kufikiri ile neno. Iko mutu alikaa akaniangalia siku mingi, njo akalipata. Ule ndiye niko natafuta."

Perpétue alitoka nje kwenda kugeuza samaki ambao hawakuhitaji kugeuzwa. Mumewe hakuwa mtu wa kupiga, wala wa kufukuza. Angejua tu, na angekaa na ujuzi huo kila jioni mbele ya sahani aliyoijaza mkewe, na asingeweza kula tena akiwa ametulia. Mtu aliyepoteza kazi bado ana nyumba yake. Hicho tu ndicho Valentin alichobakiwa nacho, nyumba ambamo hakuna anayemcheka, na yeye Perpétue ndiye aliyekuwa amekwisha kuitoboa. Aliapa kwamba hatajua, hata iweje.

Wake walizungumza kwa kificho kupitia tundu la ukuta, huku magunia yakipungua pande zote mbili. Mapendo alisema kwake nako mambo ni yale yale. Sikuli anakaa na chukudu yake imelala ubavu, anauliza mke wake ni wa nani, na yeye Mapendo amechoka kujibu kwamba ni wa kwake.

Mambo yangeweza kuishia hapo, nyumba mbili zimenuna. Lakini neno lilikuwa na miguu mirefu kuliko waliolisema. Mtu wa makaa alilibeba lile la mahari mpaka Lac Vert, na lilipofika Lac Vert halikuwa swali tena. Lilikuwa limekuwa habari: karani mmoja wa Keshero anasema mke wa Sikuli ni wa ukoo mzima. Kaka mkubwa wa Sikuli, Paul, aliyekuwa ameuza ng'ombe kule Masisi kumwolea mdogo wake, aliisikia akiwa anakula, akaisukuma sahani. Upande wa pili, wanawake wa samaki walilichukua lile la sambaza mpaka Kituku, na njiani likapata mkia. Kituku walisikia kwamba Sikuli wa chukudu amesema Perpétue hapati samaki kwa fedha. Kaka yake, Mulumeoderhwa, mvuvi mwenye mabega ya kubeba mtumbwi peke yake, alijibu kwamba amesikia, na hakusema zaidi.

Jumamosi Mama Sidonie alikuja, lakini hakuingia kwa Valentin. Alimkuta Perpétue nyuma ya nyumba akikaanga, akavuta ndoo iliyopinduliwa akaketi. Alisema ametoka Lac Vert, na kabla ya hapo alikuwa Kituku. Kesho baada ya misa watakuja wote, wa chukudu na wa makasia. Valentin na Sikuli, waliposikia, wamekwisha kutuma ujumbe, kila mmoja kwa siri kwa watu wa mwenzake, kwamba ulikuwa mchezo wa kutafuta mchele. Hakuna aliyewaamini. Lac Vert walisema karani ameogopa, na Kituku walisema mtu wa chukudu ameogopa. Polisi ukiwaita, watakuja wakishamaliza kazi zao, na kazi zenyewe hazijulikani.

Perpétue aliuliza kwa nini anaambiwa yeye, si waume.

Mama Sidonie alichukua sambaza mmoja wa moto, akampuliza.

"Wakati ya kolera tulikuwa tunauliza mugonjwa: ulikunywa maji ya wapi? Tunafika ku ule mwenye alimupa, tunauliza tena. Mpaka ku robinet, ku bomba. Hii neno nimeifuata vile vile. Mapendo alilia, akaniambia." Alimla samaki. "Miye siko hapa kukuaibisha, dada yangu. Robinet haifungwake mu jela. Lakini yenyewe njo inaweza kukata maji."

Perpétue alisema hawezi. Alisema ataomba msamaha kwa watu wote, atarudisha magunia, atafagia kanisa mwaka mzima, lakini hilo hawezi kulisema mbele ya mume wake. Hakulia, ila mafuta yalianza kuungua na hakuyaona. Mama Sidonie alimwondolea karai jikoni. Hakumsukuma. Alisema tu kwamba kila mtu ana kichwa kimoja na mawe ya Goma hayana idadi, na kwamba kwa vyovyote wapike kesho, nyumba zote mbili, kila kilichobaki kwenye magunia.

"Mutu mwenye sahani mu mukono haokote jiwe," alisema, akajipangusa vidole, akaenda zake.

Walikuja kweli. Paul na vijana wa Lac Vert walishuka na chukudu zao, mbao zikigonga mawe kwa kelele iliyowatoa watu ndani ya nyumba zao. Watu wa Kituku walipanda kutoka ziwani kwa miguu, makasia mabegani, Mulumeoderhwa mbele. Charline muuza makaa alitoa tena kigoda chake, akakitazama, akakirudisha ndani na kufunga mlango.

Valentin na Sikuli walitoka kwa wakati mmoja. Katika maisha yao hawakuwahi kupatana namna ile. Walisimama bega kwa bega, wakaeleza kwamba ulikuwa mchezo, kwamba walidanganya kwa ajili ya mchele, na ili kulithibitisha Sikuli akamkumbatia Valentin kwa nguvu hata sweta likapasuka zaidi. Hawakuonekana kama watu waliopatana. Walionekana kama watu wawili walioona kifo kinakuja.

"Mutu wa woga anakumbatia hata nyoka," alisema Paul.

Mulumeoderhwa naye akauliza kwa sauti ya chini nani basi alisema dada yake hapati samaki kwa fedha. Sikuli akasema si yeye. Paul akasema mdogo wake si mwongo. Mulumeoderhwa akauliza kama basi yeye ndiye mwongo. Kwenye pande zote mbili watu wakaanza kuinama, mmoja mmoja, bila haraka, kama watu wanaookota kitu walichodondosha.

Perpétue alikuwa kwenye sufuria. Aliona mgongo wa mumewe, ule mgongo wa mtu aliyezoea kuketi, umesimama mbele ya mawe yale yote ukitetemeka bila kukimbia. Akajua kwamba atamwokoa na atampoteza kwa neno lilelile. Aliacha mwiko ndani ya maharagwe, akapita katikati ya makasia.

"Ile neno ya sambaza ilitoka mu kinywa yangu," alisema. "Sikuli hakuitunga, na ile ya fedha watu waliiongeza mu njia. Ni miye nilimutukana bwana yangu, kule ziwani, niko nafua. Mulume, kaka yangu, kama unatafuta mwenye alichafua nyumba yangu, ni dada yako. Anza na miye."

Mulumeoderhwa alibaki na kasia juu. Alikuja kulipiza tusi la dada yake, na sasa tusi lilikuwa la dada yake kweli kweli. Alimtazama Paul kana kwamba anamwomba ushauri. Kabla Paul hajafungua kinywa, Mapendo akaruka ukuta, ndiyo, aliruka, na kitenge chake kikabaki kwenye jiwe. Akasema lile la gurudumu ni lake yeye, na kama shemeji yake anataka kumpiga mtu, aanze na mwanamke ambaye kwa ajili yake aliuza ng'ombe.

Paul akauliza kwa uchungu: na lile la mahari, nalo ni la mke gani?

Perpétue angeweza kulibeba na hilo pia, na alikwisha kufungua mdomo. Lakini Valentin alimtangulia. Alitoka kwenye mikono ya Sikuli, akasimama mbele ya Paul.

"Ile ni yangu," alisema. "Hakuna mwenye alinifundisha. Nilisikia uchungu, nikatafuta penye nitamuumiza Sikuli. Nakuomba pardon, muzee, weye na ule muke."

Paul alikuwa na jiwe mkononi na hakujua tena la kulifanyia. Kumpiga mtu aliyeinama mbele yako na kukuita mzee ni kazi ngumu, tena mbele ya mtaa mzima uliokuwa umepanda kwenye kuta kutazama. Mtu mmoja wa Kituku akaanza kucheka, kwanza kwa pua. Alikuwa anasema polepole, kama mtu anayejieleza mwenyewe, kwamba wametembea toka ziwani na makasia kuja kupigana na wanawake wawili waliokuwa wakifua. Kicheko kikapita kwa jirani yake, kikavuka barabara mpaka kwa watu wa chukudu, na Mama Sidonie aliyekuwa amesimama pembeni akiwa ameishika rozari mfukoni aliona kwamba hicho nacho kinaambukiza. Hakuhubiri juu ya amani. Alisema chakula kiko tayari na kitapoa.

Wakala. Vijana wa Lac Vert walikula kama watu wanaosukuma mizigo, na wavuvi walikula kama watu wasiotaka kushindwa na watu wa Lac Vert. Gunia la Valentin liliisha, na la Sikuli likaisha, na mafuta na vyote. Zilibaki sabuni, na wageni wakanawia mikono. Mama Sidonie alimwambia Perpétue kwa sauti ya kawaida kwamba nyumba hizi mbili hazitaletewa tena kitu, na kwamba na za wengine atazichunguza, na kwamba yeye mwenyewe ataendelea kuja.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, Valentin aliingia ndani akaketi kitandani. Perpétue alisimama mlangoni akimtazama. Hakuomba msamaha, kwa kuwa msamaha ulikuwa mdogo kwa jambo lile.

"Uliniuza juu ya muchele," alisema Valentin.

"Na maharagi," alisema Perpétue, kwa sababu hakutaka tena kumficha kitu.

Valentin aliuliza kama kule ziwani ulikuwa mchezo tu, au ndivyo anavyomwona. Perpétue aliutafuta uongo mzuri, akaukuta, ukiwa umekunjwa vizuri tayari kuvaliwa. Akauacha.

"Siku zingine njo nakuona vile," alisema. "Niko nachoka, Papa Bénita. Asubuhi naenda, weye uko unapiga pasi. Narudi, uko penye nilikuacha."

Valentin alilala akiwa amempa mgongo. Perpétue alilala macho juu ya mabati, akilia bila sauti. Kichwa chake hakikupasuliwa, wala cha mtu yeyote wa mtaa ule, na hilo lilipaswa kumtosha.

Asubuhi alirudi kutoka Kituku, akakaanga, akaenda kumwamsha Bénita kwa ajili ya shule. Aliporudi uani, beseni halikuwapo. Aliita, hakuna aliyeitika. Shati jeupe halikuwapo kwenye msumari, na kwenye mkebe wa sindano uzi mweupe ulikuwa umetumika. Alitoka mbio mpaka barabarani, miguu mitupu, akiwaza mambo ambayo mke huyawaza.

Valentin alikuwa mbali, karibu na kona. Beseni lilikuwa kichwani, limepinda upande kama kofia ya mtu aliyekunywa, maana hakuwahi kubeba kitu kichwani tangu azaliwe. Shati lilikuwa limepigwa pasi, na kiwiko kimeshonwa kwa mishono mikubwa ya mwanamume. Watoto walimfuata. Wanawake walikuwa wametoka milangoni wakisubiri kucheka, na mmoja wao alikuwa amekwisha kufungua kinywa kumwita kwa lile jina.

Valentin akamtangulia.

"Karani ya sambaza amepita," aliita, kwa sauti ile ile ya kusoma tangazo. "Shati nyeupe, samaki ya moto. Mwenye kutaka kucheka, acheke na sahani mu mukono. Karani ya sambaza amepita."

Wakacheka. Hakuna mtaa ambao usingecheka. Charline muuza makaa ndiye aliyekuja wa kwanza na sahani, kwa kuwa alijisikia anadaiwa kitu ingawa hakujua ni nini, kisha wakaja wengine. Perpétue alirudi nyumbani. Hakuweza kutazama zaidi. Aliketi kizingitini, mahali pale pale pa mumewe, akalia na kucheka kwa pamoja mpaka Mapendo akachungulia juu ya ukuta kuuliza nani amekufa.

Kabla ya saa sita Valentin alirudi. Shingo ilikuwa imekakamaa, mafuta yamemtiririkia kwenye kola, na kwenye mshono wa kiwiko uzi ulikuwa umeachia tena. Aliliweka beseni miguuni pa mkewe. Lilikuwa tupu, halina hata kichwa kimoja cha samaki. Tangu usiku hakuwa amemsemesha neno, na Perpétue hakuthubutu kuinua macho.

"Kesho uongeze," alisema Valentin, akaingia ndani kuvua shati.